Kujiundia kompyuta ya mezani kwa pesa ndogo ukiwa Mbeya: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nina meza ya ufundi Mwanjelwa, ndani ya fremu ninayochangia kodi na mshona nguo. Upande wake kuna vyerehani viwili, upande wangu kuna mazabodi (ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya kompyuta), nyaya na bisibisi. Wanaokuja ni wanafunzi wa chuo kikuu cha MUST, walimu, wenye steshenari, vijana wa studio, na siku hizi wastaafu wanaotaka kuonana na wajukuu kwa video. Maswali yao yanafanana mno, nimeona niyaandike. Bei sijaweka makusudi, maana zinabadilika kabla hujafika Kabwe.

Fundi, kuunda mwenyewe ni nafuu kuliko kununua iliyokwisha kuundwa?

Mara nyingi hapana, na nalisema hilo nikijua kazi inanipita. Kama unataka kuandika barua, kutunga mitihani, kuprinti, kutazama video na kuingia mtandaoni, tafuta kompyuta ya ofisini ya mtumba: Dell OptiPlex, HP ProDesk au EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Ukipata yenye prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Core i5-8500, ambayo ina viini 6 vya kufanyia kazi, ukaipachikia SSD (diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani) na ramu (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) ya GB 16, umemaliza. Ukitaka kuunda ya kulingana nayo kwa vifaa vipya, utatoboka zaidi.

Kuunda kunalipa pale unapotaka kadi ya picha yenye nguvu, ile inayochora kinachoonekana kwenye monita, kwa gemu au kuhariri video za harusi, kwa sababu mashine nyingi za ofisini hazina nafasi wala umeme wa kuibeba. Kunalipa pia kwa anayetaka mashine ya kuongezea polepole kwa miaka mitano, sita. Na wapo wabishi wanaotaka tu kujua kilichomo ndani. Hao siwazuii, nami nilianza hivyo hivyo.

Naweza kununua kwa awamu, kifaa kimoja kila mwisho wa mwezi?

Unaweza, lakini kuna shimo hapo. Mazabodi uliyoinunua Januari utaiwasha Juni. Ikiwa mbovu, dhamana ya muuzaji imeshakwisha na yeye hakukumbuki. Anza na vile ambavyo huhitaji kompyuta nzima kuvijaribu: monita, kibodi, mausi, keisi. Mazabodi, prosesa, ramu na pawa saplai vinunue siku moja, viwashwe siku hiyo hiyo, hata kama ni juu ya boksi la mazabodi bila keisi. Mama mmoja muuza mchele kutoka Mbarali alisubiri mpaka avune ndipo akanunua vinne kwa pamoja. Tuliwasha saa kumi jioni, ramu moja ikagoma, saa kumi na moja akawa ameshabadilishiwa.

Nianze kuchagua kifaa gani?

Karibu wote huanza na prosesa. Mimi huanzia ukutani: soketi yako ikoje, umeme unakatika mara ngapi, nyumba ina ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini? Kisha nafuata waya mpaka kwenye pawa saplai, na hapo ndipo nakuomba usibane pesa. Pawa ndiyo inayosimama kati ya ukuta na kila ulichonunua. Pawa nzuri ikifa, hufa peke yake. Mbovu huondoka na mazabodi, na ukiwa na bahati mbaya, na diski yenye picha za mtoto.

Nitajuaje pawa saplai nzuri?

Usisome ile namba kubwa ya mbele. Igeuze, utafute jedwali dogo ubavuni, kisha uangalie +12V. Zidisha 12 kwa ampia zilizoandikwa hapo. Juzi kijana kaniletea pawa "wati 500", nyepesi kama boksi la viatu vya mtoto. Jedwali linasema +12V, ampia 16. Kumi na mbili mara kumi na sita ni 192. Kompyuta ya siku hizi karibu kazi yake yote inafanyika kwenye 12V, kwa hiyo hiyo ni pawa ya wati mia mbili kasoro. Zilizobaki ni za laini ndogo za 5V na 3.3V, na nyingine ni wino tu. Kama jedwali lina +12V mbili, usizijumlishe mwenyewe. Tafuta jumla ya wati iliyoandikwa chini yake.

Nembo ya 80 Plus inahusu upotevu wa umeme: angalau asilimia 80 ya unaoingia iwafikie walengwa, unaobaki ndio unageuka joto. Haikuhakikishii usalama, na kuichapisha nembo kwenye stika hakumshindi mtu. Lakini pawa isiyo na nembo yoyote, isiyo na uzito, iliyokuja bure ndani ya keisi, naitoa na kuiweka kando kabla ya kitu kingine.

Halafu kuna swichi nyekundu. Pawa nyingi za bei ya chini zina kiswichi nyuma chenye 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Umeme wetu ni volti 230. Mwaka mmoja nilitoka kufuata chai, mpwa wangu akaisogeza kwa ukucha kuona inafanya nini, halafu akachomeka. Ilipasuka kama baruti. Mshonaji aliruka kutoka kwenye cherehani na kitambaa mkononi, na harufu ilikaa kwenye magauni ya wasimamizi wa harusi siku mbili. Tangu hapo nikikuta swichi hiyo nahakikisha ipo 230, kisha nabandika selotepu juu yake. Pawa zilizoandikwa 100–240V hazina swichi, zinajipima zenyewe. Hizo ndizo napendelea.

Nikigusa keisi inanitekenya vidole. Ni shoti?

Si lazima. Ndani ya pawa kuna kichujio, na ndani ya kichujio kuna kapasita ndogo zinazounganisha nyaya za umeme na bati la keisi, ili uchafu wa umeme ukimbilie kwenye ethi. Ethi ikiwepo, husikii kitu. Isipokuwepo, bati linabaki likielea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, kama 115, ila kwa mkondo mdogo sana. Huo ndio mtekenyo, na ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji unausikia vizuri zaidi.

Mkondo huo wenyewe hauui. Shida ni mbili. Ukichomeka waya wa HDMI kwenye TV huku vyote vimewaka, tofauti hiyo ya volti inaweza kupita kwenye mlango wa HDMI na kuuharibu. Na siku waya wa moto utakapogusa bati kweli, hakuna njia ya kuukimbiza. Mwite fundi umeme apime ethi ya nyumba, na kama haipo, aichimbie. Kagua pia ekstensheni: nimezifungua nyingi zenye matundu matatu mbele na nyaya mbili tu ndani. Ichomoe ukutani, legeza skrubu, hesabu nyaya. Zikiwa mbili, ipeleke kwenye taa, isije karibu na kompyuta.

UPS ni lazima? Na radi je?

UPS ni kile kisanduku chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. Si lazima, lakini baada ya pawa saplai ndicho kitu kinachookoa pesa nyingi zaidi huku kwetu. UPS ya 650VA usidhani ni wati 650. Nyingi zinabeba kati ya wati 360 na 390, na zitakupa dakika chache tu, za kuhifadhi kazi na kuzima. Ndani kuna betri ya volti 12 ambayo inachoka baada ya miaka michache. Ukinunua UPS ya mtumba, chomoa waya wa ukutani ikiwa imebeba kompyuta, usimame na saa. Ikizima papo hapo, unanunua kasha na uzito. Wenye steshenari: printa ya leza isichomekwe kwenye upande wa betri wa UPS, inapopasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Ipeleke ukutani.

Radi ni habari nyingine. Kati ya Novemba na Aprili, hasa Tukuyu na milimani, hakuna stebilaiza wala UPS ya bei yetu itakayosimama mbele yake. Chomoa. Na si waya wa umeme tu, toa na waya wa mtandao na ule wa dishi kama kompyuta imeungwa na TV. Nimepokea mashine iliyochomolewa umeme vizuri kabisa, radi ikaingia kwa waya wa mtandao.

Prosesa gani kwa bajeti ndogo?

Kwanza jifunze kusoma jina, kwa sababu watu wanapigwa hapo. "Ni i7 hii bro!" Ndiyo, lakini i7 ya lini? Angalia namba baada ya kistari. i7-2600 ni ya kizazi cha 2, ilitoka 2011. i5-8500 ni ya kizazi cha 8. i3-12100 ni ya kizazi cha 12, ya 2022, na ijapokuwa inaitwa i3 na ina viini 4, inaziacha zote mbili nyuma.

Kisha herufi ya mwisho. Kwa Intel, F maana yake haina picha ndani: i3-12100 inaonyesha picha yenyewe, i3-12100F haionyeshi bila kadi. Kwa AMD za soketi ya AM4 ni kinyume, G ndiyo yenye picha: Ryzen 5 5600G inayo, Ryzen 5 5600 na 5500 hazina. Mwanafunzi mmoja aliokoa pesa kidogo kwa kuchukua yenye F, akakaa na monita nyeusi wiki nzima akidhani mazabodi imekufa.

Chaguo langu kwa anayeunda bila kadi ya picha ni Ryzen 5 5600G. Ina viini 6, nyuzi 12 (kazi 12 kwa wakati mmoja), imepangiwa wati 65, na feni yake imo kwenye boksi, hununui nyingine. Picha yake ya ndani inacheza gemu za mpira na nyingi za zamani ukishusha ubora. Ikikushinda, Ryzen 3 3200G ya viini 4 inakaa kwenye soketi hiyo hiyo, na kesho utaitoa uweke ya juu bila kubadilisha mazabodi. i3-12100 naichagua kwa kazi za ofisi na studio ya muziki. Kwa gemu bila kadi, picha yake ni dhaifu.

Mazabodi zinanichanganya. Niangalie nini?

Soketi, aina ya ramu, ukubwa. Basi. Ryzen nilizotaja zinakaa AM4, i3-12100 inakaa LGA1700. Chipu ya H610 inatosha kwa i3. Zingatia tu kwamba mazabodi za H610 zipo za DDR4 na zipo za DDR5, na ramu ya moja haiingii kwenye nyingine. Ukubwa wa microATX, sentimita 24.4 kwa 24.4, ndio wenye bei ya kibinadamu.

Ukipata B450 ya zamani kwa bei nzuri na unataka kuweka 5600G, muulize muuzaji kama BIOS, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta, imesasishwa. Isiposasishwa, haitaitambua prosesa hiyo, na utahitaji kuazima ya zamani ili uisasishe. Ya mtumba, washa tochi ya simu umulike soketi. Kwenye LGA pini ziko kwenye mazabodi yenyewe, nyembamba kuliko unywele, na mwanga ukipita kwa mshazari ile iliyolala utaiona inang'aa tofauti na wenzake. Kwenye AM4 pini ziko chini ya prosesa. Hapo kuna ajali ya kipekee: ukivuta feni kwa nguvu, pesti ya joto iliyokauka kati yao inaing'oa prosesa pamoja nayo, soketi ikiwa bado imefungwa. Iwashe kwanza dakika kumi ipate joto, zima, chomoa, kisha izungushe feni kushoto na kulia taratibu kabla ya kuinua.

Ramu ya GB 8 inatosha?

Inatosha kuanzia, haitoshi kuishi. Kivinjari chenye vichupo kumi na tano na WhatsApp ya kompyuta vinaijaza. Na kama huna kadi ya picha, kumbuka picha ya ndani inakopa kutoka kwenye ramu hiyo hiyo.

Kwa 5600G chukua mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16. Zikiwa mbili zinasomwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kwenye gemu tofauti unaiona kwa macho. Mazabodi ikiwa na matundu manne, weka la pili na la nne kuanzia upande wa prosesa. Na jiandae, tangu mwishoni mwa 2025 ramu imepanda bei dunia nzima, viwanda vinakimbilia kutengeneza za mitambo ya akili mnemba. Ya mtumba haina ubaya, ramu hudumu. Safisha meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa unga wake wote, kisha ndiyo uichomeke.

SSD au hadi diski?

SSD kwa Windows na programu, hata ya GB 240. Hapa sibishani na mtu. Kompyuta ya zamani yenye SSD humpendeza mteja kuliko mpya yenye hadi diski. SSD ya aina ya NVMe ni nyembamba, inalala kwenye mazabodi kwa skrubu moja, na ina kasi kuliko ile ya SATA, inayoungwa kwa waya. Kwa mwenye steshenari tofauti hiyo hataisikia, kwa mhariri wa video ataisikia.

Hadi diski inabaki kwa kuhifadhi picha na video, na nyingi sokoni ni za mtumba. Omba ichomekwe, ufungue programu ya CrystalDiskInfo, usome saa ilizowaka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Nimewahi kukuta "used kidogo tu, boss" yenye saa elfu arobaini na ushee, yaani zaidi ya miaka minne bila kuzimwa. Hiyo ilitoka kwenye mtambo wa kamera za ulinzi. Angalia pia mstari wa sekta zilizohamishwa, yaani vipande vya diski vilivyoharibika. Ikiwa si sifuri, mrudishie mwenyewe na tabasamu.

Ukiuziwa diski ya nje ya TB 2 kwa bei ya flashi, ni kanyaboya. Ndani huwa na memori kadi ya simu iliyofundishwa kudanganya ukubwa. Programu ya H2testw huijaza data mpaka mwisho kisha huisoma, na hapo uongo huanguka. Inachukua saa nyingi, iache usiku.

Nahitaji kadi ya picha?

Kwa michoro ya AutoCAD ya kawaida ya chuo, hapana, anza na picha ya ndani. Kwa gemu mpya na kuhariri video, ndiyo. Kadi zinazokula umeme kupitia mazabodi pekee, wati 75 kushuka chini, ndizo rafiki wa bajeti: GTX 1050 Ti, na GTX 1650 nyingi ingawa baadhi zina plagi ya ziada. RX 580 ina nguvu zaidi na zimejaa mtumbani, lakini inakula wati 185 na inadai plagi ya pini 8. Nyingi zimechimba sarafu za mtandaoni usiku na mchana. Si lazima ziwe mbovu. Feni na pesti ndivyo vinavyochoka, nazo hubadilishwa. RX 6400 na 6500 XT ni mpya na hazina makuu, ila haziwezi kusimba video (kuibana iwe faili), kwa hiyo mhariri wa harusi aziache.

Kabla ya kulipa, fungua programu ya GPU-Z. Kuna kadi kuukuu zimeandikwa jina jipya ndani ili zijifanye ni za juu, na programu hiyo huzitaja waziwazi kuwa ni feki.

Naweza kupachika kadi kwenye OptiPlex yangu?

Pima kwanza. Zile nyembamba zinapokea kadi fupi tu, zenye bati la nusu. Na pawa ya ofisini mara nyingi ina plagi yake, si ile ya pini 24 ya kawaida, kwa hiyo huwezi kuibadilisha hivi hivi. Kadi ya wati 75 bila plagi, kwenye keisi ndefu, kwa kawaida inakubali.

Windows 11 itaingia?

Intel kuanzia kizazi cha 8 na Ryzen kuanzia za 2000 (isipokuwa 2200G na 2400G), ndiyo, ukiwasha TPM, kile kifaa cha usalama, kwenye BIOS. Chini ya hapo Microsoft hawaitambui rasmi. Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa mashine ya i5-6500 ya shule mimi naweka Linux Mint na LibreOffice, na walimu wanazoea ndani ya juma moja. Analalamika mmoja tu, wa hesabu, kuhusu fonti.

Ninunue hapa au niagize Kariakoo?

Kariakoo kuna uchaguzi mpana zaidi. Lakini kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 800, na kifaa kibovu kinarudi kilomita hizo hizo kwa nauli yako. Tofauti ya bei ikiwa ndogo kuliko nauli ya mzigo kwenda na kurudi, nunua hapa Mbeya kwa mtu unayeweza kumfuata kwa miguu.

Ukiagiza, mpigie muuzaji kwa video. Aiwashe mbele yako, akuonyeshe namba ya mfululizo (serial) ya kifaa, akae nayo hewani robo saa. Kisha atoe kadi ya picha ifungwe peke yake. Kadi nzito ikining'inia kwenye mazabodi, ikapita matuta ya vijiji vyote na kona za Kitonga, inafika imeng'oa tundu lake. Andika kwenye boksi "kioo". Kuandika "kompyuta" ni kualika wageni.

Baridi ya huku ina madhara?

Kwa kompyuta baridi ni neema. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa hiyo feni inabeba joto kidogo kuliko Dar, lakini ubaridi unalipa fidia yote na chenji inabaki. Feni ya kwenye boksi inatosha.

Cha kuangalia ni umande. Boksi likishuka kwenye basi alfajiri ya Julai, Njombe au Makete, halafu ukaliingiza kwenye chumba chenye jiko na watu, mvuke unaganda juu ya vyuma kama kwenye soda ya friji. Liache limefungwa saa mbili, tatu. Na kipindi cha vumbi, kiangazi kizima, puliza ndani kila baada ya miezi miwili. Shika feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Kijijini tunatumia sola. Inawezekana?

Inawezekana, ila usiunde, nunua kompyuta ndogo ya ofisini: OptiPlex Micro, EliteDesk Mini au ThinkCentre Tiny. Zinatumia adapta kama ya laptopu, nyingi za wati 65 au 90. Inveta iwe ile inayotoa wimbi laini kama la umeme wa gridi. Zile za bei ya chini zinatoa wimbi la ngazi ngazi, na baadhi ya pawa saplai hugoma au kupiga kelele nalo.

Itamaliza luku?

Mashine ya 5600G kwenye kazi za ofisi inavuta kama wati 50 bila monita. Saa kumi ni nusu uniti. Pasi ya nguo inakula hiyo kwa nusu saa.

Keisi yenye taa za rangi?

Pesa hiyo ongeza kwenye pawa.

Nimeunga kila kitu, feni inazunguka, hakuna picha.

Kabla hujanipigia: waya wa monita umeuchomeka wapi? Kama una kadi, uchomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kama huna, rudia swali la herufi F na G. Plagi ya umeme wa prosesa, ya pini 4 au 8, juu kushoto karibu na feni, umeichomeka? Hiyo husahaulika kuliko zote, maana ile kubwa ya pini 24 inaonekana na hii imejificha. Toa ramu zote, rudisha moja, sukuma mpaka usikie "tak" pande zote mbili. Mara ya kwanza mazabodi huzima na kuwaka yenyewe mara kadhaa ikijipima ramu, ipe dakika mbili. Ikishindikana, toa kila kitu kwenye keisi, uwashe juu ya boksi kwa kugusisha pini mbili za swichi na bisibisi. Ikiwaka huko nje, kuna kitu kinagusa bati ndani. Mara nyingi ni nguzo ya shaba iliyofungwa mahali ambapo mazabodi haina tundu.

Skrubu imedondokea ndani siioni.

Usiwashe. Chomoa, laza keisi ubavu, itikise polepole juu ya shuka jeupe. Mimi nahesabu skrubu kwenye kisahani kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Wiki iliyopita zilipungua moja, tukafungua mashine mara tatu, tukaikuta kwenye pindo la suruali ya mteja.